Mkutano wa Saa Tatu Uanze Saa Tatu

Leo sitaki kusema habari za maadui walio mbali. Nataka kusema habari za mwizi aliye kati yetu, ambaye polisi hawamkamati wala mahakama haimhukumu, kwa sababu huiba mchana mbele ya watu wote, na tena hupigiwa makofi anapofika. Mwizi huyo ni kiongozi anayewaita watu saa tatu, naye akaja saa tano.

Wako watakaocheka na kusema kwamba hayo ni mambo madogo. Basi na tufanye hesabu. Watu 60 wameitwa mkutanoni saa tatu asubuhi. Kiongozi afika saa tano. Kila mmoja amepoteza saa 2, na wote pamoja wamepoteza saa 120. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za mfanyakazi zisizidi 45 kwa wiki. Maana yake ni kwamba kwa asubuhi moja tu kiongozi huyo ametupa kazi ya mtu mmoja ya wiki mbili na nusu na zaidi. Lau angechukua shilingi za watu hao 60, tungemwita mla rushwa. Amechukua saa zao, nasi twampa kiti cha mbele na soda baridi.

Nasema haya bila ya kujitoa, maana mwizi huyo nilikuwa mimi. Nilipoanza kazi ya kuandaa matawi niliita mkutano katika kijiji kimoja, mwezi wa Machi, mvua za masika zimekwisha anza. Asubuhi ile nilikaa ofisini nikijibu barua zilizolala tangu wiki iliyotangulia. Kisha akaja rafiki tukazungumza. Kisha nikashika simu kutazama habari za hapa na pale. Nilipokumbuka safari ilikuwa saa tatu imepita, na njia ilikuwa matope matupu. Nikafika saa tano. Chini ya mwembe nilikuta wanaume wachache. Akina mama walikuwa wamekwisha kwenda zao shambani, ila bibi mmoja aliyekuwa akiondoka, jembe begani.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitika. Kisha akasema bila ya hasira, "Mvua imekuja kwa wakati wake. Wewe ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mfukoni nilikuwa na hotuba ndefu juu ya maendeleo ya kilimo, na kwa ajili ya hotuba hiyo niliwazuia wakulima kulima. Hata mwaka mzima baada ya siku ile, nikiita mkutano wa saa tatu katika kijiji kile, watu walikuja saa tano. Sikuweza kuwalaumu, kwa kuwa mwalimu wao katika somo hilo nilikuwa mimi.

Husemwa kwamba hizi ndizo "saa za Kiafrika," na kwamba sisi tumezaliwa hivi. Huo ni uzushi, na la kusikitisha ni kwamba siku hizi twausema wenyewe huku tukicheka. Mvuvi wa Kilwa au Bagamoyo ajua kwamba maji yakijaa leo saa fulani, kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50, na ajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Akichelewa, chombo chake kitakwama mchangani. Mkulima ajua kwamba mbegu iliyokawia ardhini huleta njaa nyumbani. Mama ajua saa ya kisima kabla foleni haijawa ndefu. Na saa yetu ya Kiswahili yaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, yaani wakati mtu anapotoka kwenda kazini. Watu wa namna hii hawakuzaliwa na uchelewaji. Uchelewaji tumeuokota maofisini na majukwaani, mahali ambapo mkubwa hutambulikana kwa kungojwa.

Wengine hujificha nyuma ya methali, wakasema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini wazee hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali ya kwanza yamkanya mtu asiharibu kazi kwa pupa. Haikutungwa ili kumpa ruhusa ya kulala.

Tuwatazame waliotutangulia. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, hakukaa ofisini akingoja waje mmoja mmoja. Aliwaendea katika vikundi vyao vya ngoma, mahali ambapo tayari walikuwa wamekusanyika na wanasikilizana. Hiyo ndiyo maana ya kutumia wakati vizuri: kuifuata kazi mahali ilipo badala ya kuita kazi ikufuate wewe.

Mfano wa pili ni wa Mwalimu Nyerere. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwezi Januari 1962 aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Ndugu Rashidi Kawawa, ili apate nafasi ya kukijenga chama. Hazikupita hata wiki saba. Mshika mbili moja humponyoka, naye alichagua moja akamkabidhi mwenzake nyingine. Leo wangapi kati yetu wana vyeo vitano, na vyote vitano vimelala?

Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipohesabu saa za kazi katika nchi yetu, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, pengine saa 12 au 14 kwa siku. Hao ndio tunaowaita mikutanoni na kuwakalisha juani. Twamwibia yule asiye na hata dakika moja ya ziada.

Sasa dawa yake ni nini? Mimi nilisomea ualimu, na chuoni hatukuruhusiwa kuingia darasani bila ya andalio la somo. Mwalimu huandika lengo la kipindi, hatua zake, dakika za kila hatua, kazi yake na kazi ya wanafunzi, na mwisho tathmini. Hawezi kusema, "Nitaona nikifika." Nilipotoka chuoni niliyaacha hayo nyuma, nikidhani ni mambo ya ubao na chaki. Baada ya neno la bibi yule nilirudi kwenye andalio, safari hii likiwa andalio la siku.

Jioni, kabla ya kufunga ofisi, naandika katika daftari kazi za kesho. Kwanza naweka ile moja ambayo isipofanywa watu wataumia, nayo naifanya asubuhi, kichwa kikiwa bado chepesi, na simu nimeiweka mbali. Barua nazijibu zote kwa pamoja kwa saa yake maalumu, wala siziachi zinivamie siku nzima. Safari naihesabu pamoja na matope yake. Kazi anayoiweza mwenzangu namkabidhi, na siku ya kuileta twaiandika. Jioni najiuliza kama mwalimu: lengo limefikiwa? Kama halikufikiwa, kosa lilikuwa wapi? Si elimu kubwa hiyo. Daftari moja na kalamu moja zatosha.

Na mkutano nao uwe na andalio lake. Watu wajulishwe mapema mambo yatakayozungumzwa, saa ya kuanza, na saa ya kumaliza. Ikifika saa, mwenyekiti afungue, hata kama mgeni rasmi hajafika. Mgeni rasmi akija atakuta kazi inaendelea, na safari ya pili atawahi. Watoto wa shule wasisimamishwe juani wakisubiri kumwimbia mtu ambaye bado yuko nyumbani anakunywa chai. Na kila azimio liandikwe pamoja na jina la mtu atakayelitekeleza na tarehe yake, maana shauri lisilo na mwenyewe ni porojo.

Najua yapo yatakayosemwa kunipinga. Barabara ni mbovu, gari huharibika, daladala hujaa. Ni kweli, na mfanyakazi anayeamka alfajiri akazuiliwa na njia si mwizi. Lakini aliyezuiliwa aweza kupeleka habari, na simu tunazo. Naibu wake aweza kufungua mkutano. Matope hayajapata kumzuia mtu kusema, "Ndugu zangu, nimekwama, anzeni."

Basi naomba jambo moja dogo. Wiki hii kila tawi likutane, lianze kwa saa iliyotangazwa, na katibu aandike katika kumbukumbu saa ambayo kila kiongozi alifika. Majina yasomwe mkutano unaofuata, mbele ya wanachama, jina langu likiwa la kwanza. Wazee wetu walipopata Uhuru walisema Uhuru na Kazi. Hawakusema Uhuru na Kungojana.

Mwembe wa kijiji kile bado upo, na mwezi ujao natakiwa kwenda tena. Mkutano ni wa saa moja asubuhi, ili akina mama wawahi shambani. Nimekwisha waandikia kwamba saa mbili kamili tutafunga, na kwamba nikichelewa wasiningoje.