Saa ya zamani kwa feza kidogo: tufungue kifuniko kwanza

Tangu bei ya zahabu ilipopita dola 4000 kwa onsi moja, katika Oktoba 2025, mazungumzo ya saa za zamani yameingia kwetu. Kila siku ya malipo, na zaidi pale kampuni inapolipa dekonti, watu wanakuja kutuuliza katika ofisi ya sendika: hii Omega wanayoniuzia dola 400, ni ya kweli? Hii Longines aliyoiacha baba mukwe, tuiuze ao tuiweke? Wenye kuuza wako na neno moja tu: nunua, ni akiba, kesho itapanda sawa zahabu. Ile neno njo tunataka kuchungua leo, juu feza inayotajwa pale mara mingi ni feza ya masomo ya watoto.

Saa haipandi sawa zahabu. Zahabu iko na bei moja dunia nzima, unaisikia kwenye radio asubuhi. Saa iko na bei ya yule mwenye kuitaka siku ile. Na saa mingi zinazozunguka hapa hazina zahabu, ni chuma, ao zimepakwa zahabu kwa juu. Geuza saa, tafuta maandishi kwenye kifuniko cha nyuma ao kwenye miguu inayoshika mukanda. Ukisoma “20 microns”, ile ni ngozi ya zahabu ya mikroni 20, maana yake sehemu 20 za elfu za milimeta. Hakuna mufanyabiashara wa zahabu atakulipa kitu kwa ile. Zahabu ya kweli ya Uswisi iko na chapa ya 0,750 na kichwa kidogo cha mwanamuke, kile wanakiita Helvetia. Hii hapana kwa bei ya dola 400. Anayekuuzia zahabu ya kweli kwa bei ile, jiulize aliitosha wapi.

Hata kwa matajiri ile neno ya akiba imeangusha watu. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2022, Rolex Daytona na Patek Philippe Nautilus zilikuwa zinauzwa mara mbili, mara tatu ya bei ya dukani. Walionunua wakati ule wakifikiri watauza mbele waliona bei ikishuka kuanzia 2022. Watu wanapenda kutaja ile Daytona ya mucheza sinema Paul Newman, iliyouzwa New York katika Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Sawa. Lakini pale walinunua mukono wa Newman, hawakununua saa.

Mwaka 2025 Marekani ilitia kodi ya asilimia 39 juu ya vitu vya Uswisi, toka mwezi wa 8, kisha katika Novemba wakapatana kushusha mpaka asilimia 15. Saa mupya ikipanda bei, ile iliyovaliwa nayo inatazamwa zaidi, na muuzaji wa huku anapata hadisi ya kusimulia. Sisi tunajua hadisi za namna hii. Mwaka ule ule serikali yetu ilifunga kusafirisha kobalti katika Februari, kisha ikaweka kota toka tarehe 16 Oktoba, tani 96.600 kwa mwaka 2026. Bei ya kobalti ilipanda sana huko nje. Hatukuona mushahara ukipanda pamoja nayo. Basi mutu akikuambia bei ya Ulaya imepanda, muulize imepanda kwa nani.

Kisha kusema ile yote, hatusemi watu wasinunue. Mutu aliyetumika miaka 20 chini ya udongo ana haki ya kuvaa kitu kizuri, na saa ya zamani inaweza kuwa nunuzi la akili kuliko ile mupya ya kungaa inayokufa kisha miezi sita. Kuna sababu ya bei yake kuwa chini, na ni habari ya wafanyakazi.

Katika Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitosha Astron, saa ya kwanza ya mukono ya quartz, ile inayotembea na betri. Ilikuwa na bei ya gari, lakini kisha miaka michache saa za betri zikawa rahisi sana, na viwanda vya Uswisi vikaanza kufunga. Mwaka 1970 kulikuwa karibu wafanyakazi 90.000 katika kazi ya saa kule. Katikati ya miaka ya 1980 walibakia zaidi kidogo ya 30.000. Watu wa Le Locle, wa Bienne, wa Saint-Imier walipitia yale sisi tulipitia hapa Katanga wakati mashini ziliposimama na miji ikanyamaza. Walichoacha ni mamilioni ya saa za ufunguo zilizofanywa vizuri, ambazo dunia haikuzitaka tena. Njo maana leo Tissot Seastar ya miaka ya 1960 inapatikana Ulaya kwa dola 200 ao 300, na Omega ya chuma ya wakati ule chini ya dola 1000, mara mingine nusu yake. Tissot na Omega zilikuwa nyumba moja tangu 1930. Mwenye feza kidogo aanzie kwa Tissot, bila haya. Tudor, ndugu mudogo wa Rolex, nayo ni nzuri, na za zamani ziko na taji ya Rolex kwenye kifuniko, lakini bei yake imekwisha kupita mufuko wetu.

Sasa namna ya kununua. Wachimbaji wote wanajua ile mashini ya kupima tenere ya jiwe inayoshikwa na mununuzi: yeye anapima, yeye anasoma, yeye anasema asilimia. Kwa saa ni vilevile, ila hapa muuzaji njo anashika mizani. Dawa ni moja: kifuniko kifunguliwe mbele ya macho yako, na fundi wa saa unayemujua wewe, hapana wake. Muuzaji anayekataa kufungua, muache. Hakuna mazungumzo tena.

Ndani mutatazama nini? Omega ya miaka ya 1950 na 1960 iko na mashini ya rangi nyekundu-nyekundu sawa shaba, jina na namba ya mashini vimechorwa, havikubandikwa. Sisi watu wa shaba tunaijua ile rangi toka mbali. Namba ya saa inayoanza na 24, yenye tarakimu nane, ni ya karibu 1966 ao 1967, basi kama muuzaji anasema ni ya 1950, hajui ao anadanganya. Ukikuta ndani mashini nyeupe bila jina, kadrani ya juu inasema Omega, pale walioa watu wawili wasiojuana. Kuna saa mingi zinazounganishwa India kwa vipande vya saa mbalimbali, kadrani imepakwa upya rangi ya kungaa, maandishi yamevimba ao yamepinda. Zinatembea, ndiyo. Lakini bei yake ni ya kipande cha chuma.

Kadrani iliyozeeka kidogo, yenye madoa, ni bora kuliko iliyopakwa upya. Wengi hapa wanapenda ile inayongaa, na muuzaji anajua. Tia ufunguo, geuza mishale, sikiliza. Iache usiku moja juu ya meza, asubuhi ilinganishe na saa ya telefone. Ikipoteza dakika moja ao mbili, ni kusafisha tu. Ikikimbia mbele dakika mingi, mara nyingine ni sumaku imeingia, na fundi anaitosha kwa sekunde chache. Hii inatugusa sisi, juu karibu na moteri kubwa za umeme saa inashika sumaku. Na usishuke nayo mugodini. Vumbi na maji vitaiua, hata kama nyuma imeandikwa “waterproof”, juu mipira ya ndani imekauka kisha miaka 50.

Kwenye bei, ongeza bei ya fundi. Saa ya ufunguo inataka kusafishwa na kutiwa mafuta kisha karibu miaka mitano. Ulizia ile bei mbele ya kununua. Mwenye dola 400 anunue saa ya 250. Na muuzaji aandike karatasi: jina la saa, namba yake, bei, tarehe, na siku 15 za kurudisha. Wenye kuuza kweli wanakubali.

Neno kwa mama zetu: saa ndogo za wanawake za wakati ule njo ziko na bei ya chini kupita zote, juu wanaokusanya saa wengi ni wanaume na hawazitake. Longines ya mama inaweza kuuzwa kwa robo ya bei ya ile ya baba. Ila mashini yake ni ndogo sana, na si kila fundi anaweza kuishika. Uliza fundi kwanza.

Tubakie kidogo kwenye ile springi inayosukuma saa. Leo springi mingi za Uswisi zinafanywa na chuma wanachokiita Nivaflex, ndani yake kobalti ni karibu asilimia 45. Mbele yake kampuni ya Elgin ya Marekani ilifanya Elgiloy kwa kazi ileile, kobalti karibu asilimia 40. Wakati ule Katanga ilikuwa ya kwanza duniani kwa kobalti. Mutoto akiuliza baba anachimba nini, mutu anaweza kumuonyesha kwenye mukono.

Kuna kitu kingine cha Katanga ndani ya saa za zamani, na hiki si cha kujivunia. Ile rangi ya kwenye namba na mishale inayongaa usiku, kwa saa za mbele ya miaka ya 1960, mara mingi ilikuwa na radiumu. Toka 1922 radiumu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikuwa inasafishwa Olen katika Ubelgiji, na kwa bei yake iliangusha ile ya Colorado. Migodi ya kule ikafungwa. Kwa miaka mingi Ubelgiji ikashika karibu soko yote ya dunia. Huko Marekani wasichana waliopaka zile kadrani walifundishwa kuchonga burashi kwa midomo. Taya zao zikaoza. Watano wao walishitaki kampuni katika 1927 na wakapata malipano mwaka uliofuata, na kesi ile imebakia katika historia ya sendika zote.

Radiumu inabakia miaka 1600 mbele ya kupunguka nusu. Rangi ile ikiacha kungaa usiku, haina maana imekufa: kilichokufa ni dawa inayotoa mwanga. Basi saa ya namna ile, yenye rangi ya njano-kahawia kwenye mishale, usiifungue nyumbani, usikwangue, usimupatie mutoto achezee, na kioo kikivunjika usipulize unga. Saa za kisha pale zilitiwa tritiumu. Chini ya kadrani, kwenye namba 6, utasoma “T SWISS T”. Hizi ndizo tunawaambia watu watafute, ao zile zisizo na rangi ya usiku hata kidogo.

Uswisi ilikataza rangi ya radiumu katika 1963. Na toka 2015 serikali yao ilianza programu ya kutafuta nyumba na vyumba ambamo wafanyakazi walikuwa wanapaka kadrani nyumbani kwao, kupima, na kusafisha kwa feza ya watu wote pale kipimo kilipopita. Nyumba za watu waliopaka. Sisi tunadai wapimaji wapite pia kwa familia za waliochimba lile jiwe, na katika majumba yaliyojengwa karibu na njia lilipopita. Delege wa kila kampuni upande wa Likasi wameombwa kuandika majina ya wazee wa Shinkolobwe, ao ya watoto wao, mbele ya mukutano wa mwisho wa mwezi. Mwenye jina ndani ya familia alete, hata kama hana karatasi ya kazi.