Tunduma imefurika watu, mbona mbunge bado mmoja?

Kaa kijiwe chochote Tunduma, foleni ya malori ikiwa imeganda kuelekea mpaka wa Zambia, hoja haichelewi kuja: mji umekua, tupewe jimbo la pili.

Kwamba mji umekua, hakuna ubishi. Sensa ya 2012 ilikuta watu takriban 97,500. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Yaani zaidi ya mara mbili ndani ya miaka 10.

Lakini Mei 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya 8, Songwe haikuambulia kitu. Jirani zetu Mbeya walipata Uyole.

Tatizo ni vigezo. Kigezo cha idadi ya watu kilikuwa 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la vijijini. Tunduma bado iko mbali.

Tupige hesabu nyingine. Mkoa una watu 1,344,687 na majimbo 6: Tunduma, Momba, Vwawa, Mbozi, Ileje na Songwe. Ukigawa, kila mbunge anabeba kama watu 224,000. Tunduma ipo palepale kwenye wastani. Tanzania Bara, wastani ni karibu 270,000. Kwa idadi peke yake, hatujapunjwa.

Marekani, jimbo la Montana lilikaa miaka mingi na mwakilishi mmoja kwenye Baraza la Wawakilishi, hadi sensa ya 2020 ilipolipa wa pili. Kule idadi ya watu ndiyo inayoamua. Kwetu, Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume kazi ya kugawa majimbo kwa kibali cha Rais, ikiangalia pia jiografia na mawasiliano, na kupitia mipaka angalau kila miaka 10.

Sasa sikia hii. Hata Tunduma ikiendelea kukua kwa kasi hiyohiyo, mwaka 2032 itakuwa na watu kama 490,000. Kwa kigezo cha sasa, bado haitoshi.

Kwa hiyo mwanasiasa akija kuahidi jimbo la pili, muulize atalipataje. Na huyu mbunge mmoja tuliyenaye tangu jimbo lianze 2015, yeyote atakayekuwa kwenye kiti, tusimwache apumue kwa kisingizio kwamba watu ni wengi. Barabara, maji na foleni ya mpakani havihitaji kusubiri ramani mpya.