Mbona Wenye Fikra Mpya Huchekwa Kwanza?

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wengi husema ati wenye fikra kubwa hawakueleweka enzi zao kwa sababu watu wa zamani walikuwa wajinga. Mimi sikubaliani nao. Naona mara nyingi walieleweka vizuri mno, ila maneno yao yaliwachoma wasikilizaji.

Tumtazame daktari Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria. Hapo palikuwa na wadi mbili za kujifungulia. Moja ilikuwa ya wakunga, nyingine ya madaktari na wanafunzi wao. Katika ile ya madaktari, homa ya uzazi iliwaua akina mama wengi zaidi. Mwaka 1847 Semmelweis aling'amua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuwazalisha akina mama. Akaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili, kabla ya amri hiyo, walikufa akina mama 18 hivi kwa kila 100. Mwezi Juni walikuwa karibu 2 tu.

Ungedhani angebebwa juu juu kwa shangwe. Wapi! Wakubwa wengi walimpinga. Jameni, mtu asome hadi awe profesa, halafu aambiwe kwamba mikono yake ndiyo iliyoua wagonjwa? Kukubali kulikuwa kukiri kosa. Semmelweis naye ana lawama yake, kwani hakuchapisha kitabu chake hadi 1861, na wapinzani wake aliwaita wauaji. Alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kabla ya dunia kumkubali.

Hapa kwetu tunamkumbuka Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Bungeni alikejeliwa. Je, hakueleweka? Hata mtoto anaelewa kwamba mji unahitaji bustani! Shida ni kwamba aliwagusa wenye nguvu. Jumba halikujengwa, na mwaka 2004 alituzwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Sisemi kila anayechekwa ni mwerevu. Wengine huchekwa kwa kuwa wamekosea kweli. Kipimo ni ushahidi. Semmelweis alikuwa na hesabu zake, na waliomcheka walipaswa kuzichunguza kwanza.

Nami sina haki ya kuwanyoshea kidole madaktari wale. Muhula uliopita msichana mmoja wa darasa letu alisimama akasema kwamba tangi la maji ya kunywa ni chafu, na kwamba wanaoumwa na tumbo ni wale wanaokunywa hapo. Darasa zima liliangua kicheko. "Daktari! Daktari!" tukamwita. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa maana zamu ya kuliosha ilikuwa yangu, na sikuwa nimeliosha. Siku ile nilimwelewa vizuri sana.

Basi, wanafunzi wenzangu, mtu akisema jambo na ukahisi kicheko kinakuja, jiulize kwanza kama si wewe unayeguswa. Hapo natua kalamu.