Risala ya Wananchi wa Rungwe Kuhusu Kumbukumbu za Kesi za Jinai

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kutupa nafasi ya kusema katika Wiki hii ya Sheria. Sisi ni wakulima wa chai na ndizi, wauza viazi na parachichi, waendesha bodaboda, na akina mama ambao waume au watoto wao wamewahi kusimama kizimbani. Hatukuja kulalamikia hukumu ya mtu yeyote. Aliyefungwa kwa haki kafungwa, na aliyeonewa ana ngazi ya rufaa. Tunayolalamikia ni karatasi, kwa sababu ngazi hiyo haipandiki mikono mitupu.

Mtu akihukumiwa na Mahakama ya Wilaya hapa Tukuyu na asiridhike, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa siku 10 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, na siku 45 za kuiwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Mbeya. Siku alizokaa akingoja nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Sheria hiyo hiyo inasema mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu apewe bila kucheleweshwa na bila malipo. Kwa upande wa maandishi, hatuna ugomvi na Bunge.

Tatizo liko kwenye dirisha la masjala. Mama ametoka Mwakaleli alfajiri, amefika, ameuliza. Anaambiwa haijachapwa, njoo Jumatatu. Jumatatu anaambiwa hakimu aliyesikiliza kesi amehamishwa, njoo mwisho wa mwezi. Hakuna alichoandika, hakuna alichogongewa muhuri. Miezi ikipita na nakala ikapatikana, anaulizwa: ulikuwa wapi muda wote huo? Zile siku ambazo sheria inasema zisihesabiwe, atazithibitisha kwa kitu gani? Kwa tiketi za Hiace? Mahakama Kuu inaweza kumruhusu mtu aliyechelewa kwa sababu ya msingi, ni kweli, lakini maombi hayo nayo ni shauri jingine, yanataka kiapo, yanataka mtu wa kuyaandika, na safari ya kilomita 70 hivi kwenda Mbeya.

Hatumtaji karani wala mahakama. Haya yametukuta katika mahakama zaidi ya moja, na tunawajua makarani wanaofanya kazi hadi usiku kwenye kompyuta moja. Tunaloomba ni dogo na halina bajeti: kila anayeomba nakala aombe kwa barua, barua igongwe muhuri wa kupokelewa pale pale, na mwombaji aondoke na kivuli chake. Na nakala inapokuwa tayari, iandikwe juu yake tarehe iliyokuwa tayari na tarehe iliyochukuliwa. Asiyejua kuandika aandikiwe na masjala. Karatasi hiyo moja itamaliza mabishano mengi huko mbele.

Aliyefungwa katika Mahakama ya Mwanzo yuko pabaya zaidi. Huko rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na siku zinaanza kukimbia tangu uamuzi ulipotolewa. Wengi wetu tunadhani lazima tungoje nakala kwanza, tunangoja, siku zinaisha. Hakimu akishamaliza kusoma hukumu, huwa anamwambia mshtakiwa kwamba ana haki ya rufaa. Tunaomba amwambie na siku ngapi zimebaki, wapi pa kwenda, na kwamba asikae nyumbani kwa sababu tu nakala haijatoka. Sentensi tatu kwa Kiswahili chepesi zinatosha.

Sasa tuseme kuhusu kutafuta. Anayekwenda masjala kuulizia kesi ya miaka sita iliyopita anaulizwa namba: Kesi ya Jinai namba fulani ya mwaka fulani. Hana. Alichobaki nacho ni namba ya RB ya polisi, nayo haimfungulii rejista ya mahakama. Polisi wanamwelekeza kwa waendesha mashtaka, waendesha mashtaka wanamwelekeza mahakamani, mahakamani wanamuuliza tena namba. Njia iliyobaki ni jina, na hapo Rungwe tuna mkosi wetu wa pekee. Fungua rejista yoyote ya wilaya hii uone: ukurasa mzima ni Mwa, Mwa, Mwa. Mwaipopo anaandikwa Mwaipopa. Mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la babu, na polisi aliyeandika hati ya mashtaka usiku alichukua lile alilolisikia kwanza. Ukimtafuta kwa jina la kwenye kitambulisho cha NIDA, hayupo.

Kwa hiyo tunataka utafutaji wa jina utambuliwe kuwa huduma, usibaki hisani ya karani mwenye moyo mzuri. Fomu moja tu: majina yote ya mshtakiwa, kijiji, kosa, mwaka wa kukadiria, mahakama. Masjala itafute, na isipoona ijibu kwa maandishi kwamba imetafuta rejista za miaka gani na haikuona. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu ombi la taarifa. Hatuoni kwa nini dirisha la mahakama lichukue muda mrefu kuliko huo kumjibu mwananchi anayeulizia kesi yake mwenyewe.

Tunasisitiza neno hilo, yake mwenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani nakala ni ya mfungwa tu. Anayeihitaji kuliko wote ni yule aliyeachiwa huru. Kijana alishtakiwa, alama zake za vidole zikachukuliwa, kesi ikaisha hana hatia au ikafutwa. Anaomba kazi ya ulinzi au anataka kwenda nje, anatakiwa cheti cha polisi cha tabia njema, na ile kesi ya zamani inaibuka kama ilivyofunguliwa, bila mwisho wake. Mwisho wake uko kwenye jalada la mahakama. Asipoleta nakala ya hukumu au ya amri iliyomwachia, atabaki mtuhumiwa maisha yake yote mbele ya kila mwajiri. Tunaomba kila anayeachiwa aondoke siku hiyo hiyo na nakala ya amri, kama mgonjwa anavyotoka hospitali na cheti chake.

Pale ambapo mlango rasmi haufunguki, vishoka wanafungua wao. Wapo kila penye mahakama, na faili la plastiki kwapani, wanajua karani gani ana zamu. Wanachukua hela ya kutoa nakala ambayo sheria inasema ni bure, wanamwandikia mama rufaa isiyo na kichwa wala miguu, wanapotea. Dawa yake ni tangazo kubwa ukutani, nje, si ndani ya ofisi: nini ni bure, nini kinalipiwa, kiasi gani, kwa namba gani ya malipo ya serikali, na namba ya simu ya kulalamika. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria; majina ya watoa msaada waliosajiliwa yabandikwe hapo hapo.

Tunashukuru kwa hatua zilizokwishapigwa. Hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu zinasomeka bure katika tovuti ya TanzLII, na mashauri siku hizi yanasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Lakini kesi ya mtu wa Busokelo kwa kawaida huanzia na kuishia Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya, na hizo sizo zinazojaa kwenye TanzLII. Mfumo nao umeanza na kesi mpya. Za miaka ya nyuma ziko kwenye makabati. Wilaya yetu ni ya mvua, na karatasi haidumu hapa bila mahali pakavu. Mahakama ya Rufani imewahi kupokea rufaa ambazo majalada yake ya awali hayakuonekana, ikabidi wahusika watafutwe mmoja mmoja na vipande walivyonavyo ili jalada liundwe upya, na mrufani yuko gerezani. Majalada ya zamani ya wilaya hii yaskaniwe, na yaanze ya watu ambao bado wanatumikia vifungo.

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mwaka huo huo Siku ya Sheria Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Tulifurahi sana. Wenye hukumu za kabla ya hapo bado wanazo kwa Kiingereza, wanampelekea mwalimu wa shule awasomee, na mwalimu naye anakwama kwenye maneno ya kisheria. Sheria inamruhusu mshtakiwa kuomba tafsiri pale inapowezekana. Sasa inawezekana.

Hatuombi kila jalada liwe wazi kwa kila mpita njia. Kesi za watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zibaki zilivyo, na jina la aliyebakwa lifutwe kwenye nakala yoyote inayotoka. Hatutaki pia jirani mwenye ugomvi wa shamba achukue hukumu ya zamani akaisome kilabuni. Anayeomba nakala ya mtu mwingine aeleze sababu, na hakimu ndiye aamue, si karani.

Na kwa ndugu zetu waliopelekwa magereza ya mbali baada ya hukumu: mfungwa anaruhusiwa kukabidhi rufaa yake kwa Mkuu wa Gereza, lakini nakala ikitolewa Tukuyu wakati mwenyewe yuko gereza la Ruanda, Mbeya, au mbali zaidi, inalala masjala ikimngoja mtu asiyeweza kuja. Tunaomba mahakama iipeleke yenyewe gerezani, na mfungwa aweke dole gumba kuipokea. Tutashukuru kujibiwa kwa barua, yenye muhuri na tarehe.