Na Mwenziwe Alijibuje? Pambano la Wawili na Uhakiki wa Upande Mmoja

Katika semina moja ya uzamili iliyofanyika muhula uliopita, mwanafunzi mmoja aliwasilisha kazi kuhusu mapambano makuu ya wawili katika fasihi na filamu. Aliwataja Achilles na Hector, Hamlet na Laertes, Onegin na Lensky. Kisha akaingia katika sinema, akawagusa wapiga bastola wa Marekani na wenye panga wa Kurosawa. Ilikuwa kazi yenye juhudi. Alipoulizwa Waswahili wako wapi katika orodha hiyo, alijibu pasi na kusita kwamba fasihi ya Kiswahili haina pambano la aina hiyo, ukiondoa mapigano ya tendi za dini ambayo, kwa rai yake, ni visa vya Waarabu vilivyovishwa kanzu ya Kiswahili. Walimu tuliokuwamo tulitikisa vichwa kwa kukubali. Nami nilitikisa changu. Makala haya yanakusudia kuikanusha kauli ile, na kunikanusha mimi niliyeikubali.

Dai letu ni hili. Pambano la wawili lipo katika fasihi ya Kiswahili, tena ndilo lililozaa sehemu kubwa ya ushairi tunaoupenda. Ila halikupiganwa kwa upanga, lilipiganwa kwa majibizano. Tukidhani kwamba halipo, ni kwa sababu sisi wenyewe, wahariri, wahakiki na walimu, tumelikata vipande viwili, kimoja tukakitia katika diwani na kingine tukakiacha nje. Kisha tunasimama mbele ya kipande hicho kimoja na kuwauliza wanafunzi: dhamira yake ni nini?

Hebu tuanze na dhana yenyewe. Pambano la wawili si ugomvi tu. Watu wawili wanaokutana njiani na kupigana hadi mmoja akaanguka hawajafanya pambano katika maana tunayoikusudia hapa. Pambano lina wahusika wanaotambuana, lina kanuni zinazowafunga wote wawili, lina mashahidi, na lina hatari ya kweli kwa kila upande. Katika majibizano ya pwani sifa hizi zote zimo. Anayeanza huchagua bahari, huchagua vina, na mara nyingi huweka kituo cha kumtega mwenzake. Anayejibu aghalabu huvipokea vina vilevile na kupigana ndani ya uwanja ambao hakuuchagua. Silaha yake ameichaguliwa na adui! Akivibadilisha vina, wasikilizaji hunong'onezana kwamba ameshindwa. Akivitumia na bado akasema alilotaka kusema, huo ndio ushindi hasa, hata kabla maudhui hayajapimwa.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa uchambuzi wa fani. Ni mara ngapi tumesoma tasnifu inayosema kwamba mshairi fulani “ameteua vina vigumu ili kuonyesha ugumu wa maisha”? Huenda hakuteua kitu. Huenda vina hivyo alitupiwa kama mtu anavyotupiwa glavu usoni katika riwaya za Ulaya, akaviokota. Mhakiki asiyejua nani alianza na nani alijibu hawezi kusema lolote la haki kuhusu uteuzi wa vina, wa msamiati, wala wa sitiari, kwa kuwa hajui kipi ni uteuzi na kipi ni sharti.

Mfano mkubwa ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840. Tunamsoma kama malenga wa mapenzi, wa fumbo, wa hekima ya mjini, na yote hayo ni kweli. Lakini Muyaka alikuwa pia mtu wa upande mmoja katika ushindani wa miji. Aliwatetea Mazrui waliotawala kutoka Ngome, na tungo zake za siasa zilikuwa zikivuka bahari kwenda Lamu na kurudi na majibu. Zama za Vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810 kwa makadirio ya wengi, Mombasa na Pate zilikuwa upande mmoja na Lamu upande wa pili. Lamu ilikuwa na malenga wake, na mkubwa wao alikuwa Zahidi Mngumi. Hakuwa mpiga domo wa barazani. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa mji ulioshinda vita vile. Baada ya Kuduhu, Lamu ilijiweka chini ya ulinzi wa Sayyid Said, na mwaka 1837 nguvu za Mazrui zikakoma kabisa Mombasa. Kwa hiyo shairi lililokuwa likisafiri kwa jahazi kutoka mji mmoja kwenda mwingine halikuwa mchezo wa maneno. Nyuma yake kulikuwa na majeshi, na mbele yake kulikuwa na karne nzima ya historia ya pwani.

Sasa tazama kilichotokea katika maandishi. Mji ulioshinda vitani umeshindwa katika vitabu. Sababu yake si ubora wa tungo. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari William Taylor alikuwa Mombasa, na aliyemsaidia kuzikusanya tungo za kale alikuwa Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, aliyezihifadhi tungo za mji wake kwa mapenzi ya mji wake. Hati hizo zilikwenda London. William Hichens akazitoa kama Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu chake kikubwa kuhusu Muyaka mwaka 1979. Hatuna ugomvi na wazee hawa. Bila wao tusingekuwa na cha kugombania. Abdulaziz hasa alijitahidi kuieleza jamii iliyoyazaa mashairi yale. Lakini kitabu kinachobeba jina la mtu mmoja humfundisha msomaji, hata bila kukusudia, kwamba shairi lina mwenyewe mmoja. Mpinzani anabaki kuwa tanbihi.

Itasemwa kwamba kasoro hii imekwisha kusahihishwa, na ni kweli kwa kiasi. Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) alizirejesha tungo nyingi kwenye matukio yaliyozizaa. Kisha yeye na Ann Biersteker wakatoa Mashairi ya Vita vya Kuduhu mwaka 1995, kitabu kinachowaweka wapinzani pamoja chini ya jalada moja. Ni kitabu ambacho kingepaswa kubadilisha ufundishaji wetu wote. Katika kozi niliyoifundisha mimi kwa miaka kadhaa, hakikubadilisha kitu. Nilikiweka katika orodha ya “usomaji wa ziada”, na kila mwalimu anajua kwamba usomaji wa ziada ndiyo makaburi ya vitabu vyema.

Aliyenizindua si mwanataaluma. Naishi Kibarani, pale ambapo kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa kando ya maji na ambapo sasa pamepandwa miti na nyasi. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini lakini aliyelelewa Mji wa Kale, alinikuta jioni moja nikisahihisha mitihani nje ya nyumba. Akaniomba nimsomee ninachosahihisha. Nikamsomea ubeti ulionukuliwa, kisha jibu la mwanafunzi kuhusu dhamira ya majivuno. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaniuliza: “Na mwenziwe alijibuje, mwalimu?” Nikamwambia hilo halimo katika swali. Akacheka. “Basi wamuulizaje mtoto wa watu? Umesikia mtu mmoja akinena ukutani, wataka huyo mtoto akwambie alikuwa akigombana na nani.” Kisha akanisomea kwa ghibu, kwa sauti ya chini, beti tatu alizosema ni za kujibu, zenye vina vile vile. Sitazichapisha hapa kabla ya kuzilinganisha na hati. Lakini alizisoma kama mtu anayejua mwisho wa mchezo.

Hoja mbili hutolewa dhidi yetu. Ya kwanza ni kwamba majibu mengi ni tungo dhaifu, na kwamba muda umechagua kilicho bora. Muda haukuchagua chochote. Tumekwisha kuona ni mmisionari gani alikaa mji gani. Tena, hata jibu likiwa dhaifu, pambano haliwi pambano la mmoja kwa sababu wa pili ameshindwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanaofuata uhakiki unaoliangalia shairi kama kitu kilichokamilika chenyewe husema kwamba fumbo zuri hujitegemea. Mazingira ni kazi ya mwanahistoria. Tunajibu kwamba fumbo la majibizano halikutungwa lijitegemee. Lilitungwa lifumbuliwe na mtu mmoja maalumu, mbele ya watu, ama sivyo aaibike. Jibu lake ndilo uhakiki wa kwanza wa shairi lile: linatuonyesha sitiari ipi aliihisi kuwa ni tusi, neno lipi alilipita kwa makusudi, tishio lipi alijifanya hakulielewa. Hakuna msomaji wa baadaye, hata awe na shahada tatu, atakayelisoma shairi lile kwa makini kama yule aliyekuwa na mji wa kuupoteza. Kulitupa jibu ni kuutupa ushahidi bora wa upokezi wa shairi tulio nao, halafu tukaagiza nadharia za upokezi kutoka Ujerumani.

Wenzetu hawakufanya kosa hili. Pushkin, aliyekufa kwa jeraha la pambano la bastola mwaka huohuo wa 1837 uliowamaliza Mazrui, alimpa Lensky beti zake za usiku wa mwisho ndani ya Onegin. Anazicheka kidogo, lakini amezichapa, na bila hizo risasi ya asubuhi isingetuuma. Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, ilikuwa lazima hotuba ya Bruto ije kwanza na kukubaliwa na umati, ili ya Antonio ipate kitu cha kubomoa. Chukua hotuba ya Antonio peke yake, kama shule nyingi zifanyavyo, nayo inakuwa zoezi la balagha. Na Kurosawa katika Rashomon (1950) ametupa somo ambalo wahariri wa diwani wangelisoma kwanza: jambazi anasimulia pambano la mashujaa wawili, kisha mkata kuni anatuonyesha pambano lilelile, na tunaona watu wawili wanaotetemeka, wanaoteleza, wanaoogopa ncha za panga zao wenyewe. Diwani ya upande mmoja ni ushahidi wa jambazi. Huenda ni wa kweli. Lakini hatuwezi kujua.

Hata Liyongo, ambaye kila mtahiniwa humwita shujaa na kupita, anasomeka upya kwa jicho hili. Katika kisa alichokitunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kinachoshangaza ni kwamba pambano la ana kwa ana halitokei. Maadui wanamwalika kikoa cha makoma wakitumaini kumpiga mishale akiwa juu ya mti. Yeye anaziangusha koma kwa mishale kutoka chini. Hakuna anayethubutu kusimama mbele yake, na mwishowe anauawa usingizini, kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe. Aibu ya watu wa Pate katika utendi ule ni aibu ya waliokataa pambano. Msikilizaji wa zamani aliihisi, kwa sababu alijua pambano la haki lilivyo. Mwanafunzi wetu haihisi, kwa kuwa tumemwambia hatuna.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya kale, au ya wanaume. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, Banu Saada na Ibinaal Watan, viliendesha ushindani wao kwa nyimbo, na Margaret Strobel aliuandika mwaka 1979 kama historia ya jamii. Idara za fasihi zikamwachia. Mashairi ya uchaguzi wa Lamu ya 1974 na 1975, yaliyosambaa kwa kanda za kaseti na ambayo Assibi Amidu aliyatungia kitabu mwaka 1990, ni pambano kamili lenye wagombea, washairi na mshindi wa kura. Mipasho ya TOT na Muungano miaka ya 1990 ilijaza kumbi, huku sisi tukibishana kama ni fasihi.

La ajabu ni kwamba mgogoro wetu wenyewe tumeuhifadhi vizuri. Ule wa vina na mizani wa miaka ya 1970 tunaufundisha kwa pande zote mbili: Kezilahabi na Kichomi chake huku, Abdilatif Abdalla na wenzake kule, hoja kwa hoja, na mwanafunzi asiyetaja upande wa pili hupunguziwa alama. Haki hiyo tumejipa sisi wahakiki. Washairi tumewanyima.

Nimebadilisha karatasi yangu ya mtihani. Swali la kwanza sasa lina shairi na jibu lake, bila majina ya watunzi, na mtahiniwa anatakiwa aonyeshe kwa ushahidi wa vina na msamiati ni lipi lililotangulia. Mwenzangu mmoja idarani amelalamika kwamba swali hilo ni gumu mno na kwamba halimo katika silabasi. Amelalamika kwa maneno ya mdomo tu, korido kwa korido. Kurasa za jarida hili zi wazi, na aandike.