Daftari la diko ndilo hati ya mvuvi

Wavuvi wa Mkokotoni na ndugu zao wa Kisiwa cha Tumbatu wanaijua bahari kwa majina. Mwamba una jina lake, mkondo una msimu wake, na wanaokwenda dago wanajua pa kutia nanga kwa kurithishwa na wazee. Tatizo ni kwamba elimu hiyo kwa sehemu kubwa imo vichwani mwa watu, na mahakama haisomi vichwa.

Katika ardhi hali ni nafuu kidogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa chini ya serikali, na Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ikaendeleza msingi huo huo: ardhi ni ya umma, mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Hata hivyo, mkulima ana pa kushika. Minazi yake inahesabika, mikarafuu yake inahesabika, na Kifungu cha 17 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinailinda mali ya mtu isitwaliwe bila ya fidia. Mvuvi anayeondolewa kwenye mwamba aliouvua kwa miaka 30 atahesabiwa kitu gani? Dau analo bado, madema anayo. Kilichopotea ni mahali, na mahali pale hapana hati.

Suala hili si la vitabuni. Uchumi wa buluu umekuwa sera kuu ya serikali tangu 2020, visiwa vidogo vimetangazwa kukodishwa kwa wawekezaji, na kusini ya Mkokotoni, huko Mangapwani, imepangwa bandari jumuishi. Miradi ya aina hiyo inaweza kuleta ajira na soko, wala hakuna sababu ya kuipinga kwa kuwa tu ni mipya. Linalotakiwa ni mvuvi kuwemo katika hesabu kabla nguzo ya kwanza haijapigwa.

Wenzao wa Lamu, nchini Kenya, waliipitia njia hii. Serikali yao ilipoanza ujenzi wa bandari ya LAPSSET, wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2012, wakidai kwamba maeneo yao ya uvuvi na mikoko vinaharibiwa bila ya wao kushirikishwa. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu, ikikaa Malindi, iliwapa haki na kuamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Ukigawa, ni wastani wa shilingi 380,000 hivi kwa kila mmoja. Mahakama ilikubali kwamba uvuvi wa asili ni riziki na pia ni utamaduni unaostahili kulindwa.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa mwepesi. Kesi ilichukua miaka sita, na baada ya hukumu fedha hazikuingia mifukoni kesho yake. Ikafuata miaka mingine ya rufaa na mazungumzo. Mvuvi hawezi kula hukumu. Ndiyo maana wakati mzuri wa kuitumia sheria ni mwanzo, pale mradi unapofanyiwa tathmini ya athari za mazingira kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015. Kikao cha tathmini hakihitaji wakili. Kinahitaji watu waliokuja na takwimu.

Na takwimu Mkokotoni zinaweza kupatikana. Bwana Diko huandika samaki wanaoshushwa. Kamati ya uvuvi ya shehia inatambuliwa na utaratibu wa Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010, na ina uwezo wa kuweka orodha ya vyombo, mabaharia wake na maeneo wanayovua kwa majina yale yale ya wazee. Kamati iombe nakala ya daftari la diko kila mwezi, isisubiri mpaka tingatinga lifike pwani.

Kuna kundi moja ambalo husahauliwa kila mara. Fidia ya Lamu ilihusu wavuvi, lakini chombo kisipotoka, mchuuzi anayenunua mnadani na mama anayekaanga samaki hukosa kipato siku ile ile. Hao hawamo katika daftari la Bwana Diko. Daftari la kawaida la skuli linawatosha: tarehe, aina ya samaki, bei ya mnada, bei ya kuuzia na jina la chombo kilicholeta.