Mashindano ya Mitamba wa Farasi huko Epsom

Katika Uingereza yako mashindano matano ya farasi wa miaka mitatu ambayo huheshimiwa kupita mengine yote. Mojawapo huitwa Oaks, nayo ni ya mitamba peke yao. Dume haruhusiwi kuingia. Mbio hizo ni za maili moja na nusu na yadi chache, juu ya majani ya vilima vya Epsom, kusini ya London.

Asili yake ni hii. Karibu na Epsom palikuwa na nyumba iliyoitwa The Oaks, yaani Mialoni, ambamo Lodi Derby wa 12 alikuwa akiwakaribisha rafiki zake. Mwaka 1779 mashindano yalifanywa kwa mara ya kwanza, yakapewa jina la nyumba hiyo. Mshindi alikuwa Bridget, mtamba wa Lodi Derby mwenyewe. Mwaka uliofuata yakaanzishwa mashindano mengine, yakaitwa kwa jina lake: Derby. Basi yale ya mitamba ndiyo makubwa kwa umri, ijapokuwa yale ya pili yamevuma zaidi.

Mtamba hupata nafasi hii mara moja tu maishani mwake, kwa kuwa akiisha kupita mwaka wake wa tatu haruhusiwi tena. Wala sifa siyo faida pekee. Farasi akishinda hapo, bei ya watoto wake hupanda kabla hawajazaliwa, maana wafugaji wa farasi huandika nasaba za wanyama wao katika madaftari, mama na baba pia.

Mfano mwema ni Blink Bonny. Mwaka 1857 alishindana na madume katika Derby akawashinda, na siku mbili baadaye akashinda Oaks. Baadaye alimzaa Blair Athol, ambaye alishinda Derby mwaka 1864. Mama hakuishi kuuona ushindi huo, kwani alikufa mwaka 1862. Lakini damu yake haikupotea.

Nairobi nako, katika kiwanja cha Ngong Road kilichofunguliwa mwaka 1954, hufanyika mashindano ya mitamba yenye jina hilo hilo la Oaks.

Mkulima mwenye ng'ombe wanne huenda akauliza, Haya yanihusu nini? Yanamhusu sana. Wako watu wanaotafuta fahali bora kwa bidii kubwa, wasijali mtamba alizaliwa na ng'ombe yupi. Mwisho huuza binti wa ng'ombe mwenye maziwa mengi wapate fedha za haraka, na kumbakiza yule ambaye mama yake hakujaza hata kibuyu. Kupima maziwa kila siku na kuandika kipimo chake hakuhitaji kiwanja cha mashindano. Kwahitaji daftari moja, kalamu, na mtu asiyechoka. Mwenye kufanya hivyo atajua yupi wa kuuza na yupi wa kuweka.